Dereva Mwenye Hisa

Siku ambayo dereva hakurudi nyumbani, mkewe, fundi wa sare, alikuwa anashona vifungo vya mashati ya shule. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, akimpokeza vifungo kimoja kimoja, akivichagua kwa vidole, maana macho yake yalishafunikwa na mtoto wa jicho na hakuona zaidi ya mwanga na kivuli. Simu ikaita. Sauti ya mlinzi wa kampuni ikauliza kama huyo ndiye mke wa dereva wa bosi, kisha ikampa pole. Fundi akaweka sindano chini.

Dereva alikuwa amefia kwenye usukani, ndani ya uwanja wa magari wa kampuni, kioo kimeshushwa nusu. Madereva wa mabosi husinzia wakisubiri, hiyo ni sehemu ya kazi, kwa hiyo mchana kutwa watu walimpita wakamwachia usingizi wake. Bosi mwenyewe alitoka ofisini, akagonga kioo, akasonya, akaita teksi. Daktari alisema moyo ulikuwa umesimama tangu kabla ya chakula cha mchana.

Kwenye maziko kampuni ilileta shada la maua lenye utepe ulioandikwa, "Kwa dereva wetu mwaminifu." Bosi hakufika. Alituma salamu kwamba ana kikao.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya kubeti. Ilikuwa na maduka kila mtaa, yenye vioo vya kijani na televisheni zisizozimwa. Dereva hakuwahi kubeti hata mara moja. Aliyebeti ni mdogo wake, mpaka rangi mwenye mikono ya dhahabu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkeka kwa sababu ya ile orodha ya mechi aliyotembea nayo mfukoni kila siku ya Mungu. Mkeka alilala chumba cha nje cha nyumba hiyo hiyo. Kila Jumapili aliapa kuacha. Kila Jumatatu alikuwa na mkeka mpya.

*

Meneja utawala wa kampuni alifika mwezi wa pili wa msiba, asubuhi, wakati foleni ya watoto wa shule imejaa uani.

Inafaa kueleza namna nyumba ile ilivyofanya kazi, kwa sababu mambo yote yalikuja kutokea humo. Fundi alipima watoto, mama mkwe akashika vipimo kichwani. Ukisimama kuandika, mtoto anajikunja, anacheka, anatoroka, na kipimo kimeharibika. Kwa hiyo fundi alitaja jina, kisha kifua, kiuno, mabega na urefu, na mama mkwe akarudia kwa sauti ya chini, jina kwanza, vipimo vikafuata. Darasa zima liliingia kichwani mwake kwa mtindo huo. Jioni aliketi karibu na meza ya kukatia na kuvitoa vyote kwa mpangilio ule ule, fundi akivichora kwa chaki juu ya kitambaa. Hakuna mtoto aliyewahi kupewa kaptura ya mwenzake.

Meneja alipita katikati ya watoto kama mtu anayevuka tope. Alilipangusa benchi la wateja kwa leso kabla ya kukaa, kisha akapakata jalada lake magotini.

"Pole na msiba, mama," alimwambia fundi. "Kampuni imekaa, imewafikiria. Haya ni mafao ya marehemu. Unasaini hapa tu, pesa unapata leo hii."

Alilifungua jalada kidogo, kama mtu anayeficha karata, akachomoa ukurasa wa mwisho wenye mstari mtupu. Kalamu ilikuwa imeshatangulia mkononi mwake. Kiasi alichokitaja kingelipa kodi ya nyumba waliyodaiwa na ya mwaka mzima juu yake.

"Baba," mama mkwe akasema kutoka kwenye kigoda chake, "nisomee hiyo karatasi."

"Ni mambo ya kisheria, bibi."

"Nisomee hayo hayo ya kisheria."

"Yatakuchosha."

"Mimi nimekaa tu hapa. Nitachoka kwa kazi gani?"

Watoto wakacheka. Meneja akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na katika kuhamisha jalada goti hadi goti, ukurasa wa kwanza ukachungulia. Fundi ni mtu wa kuona uzi uliochomoza umbali wa hatua kadhaa. Akaona maneno "hisa zote za marehemu", na chini kabisa, "nakala kwa Bodi". Mahali pa tarehe palikuwa patupu.

"Hapo pameandikwa hisa," akasema. "Mume wangu hakuwa na hisa. Hakuwa hata na baiskeli."

"Hiyo ni lugha ya wanasheria tu. Fomu zote zinaandikwa hivyo."

"Basi niachie nisome zote, kesho nikusainie."

Meneja akafunga jalada. "Hatuachi karatasi za kampuni mitaani, mama. Nitarudi Ijumaa. Baada ya Ijumaa, huruma ya kampuni itakuwa imekwisha muda wake."

Akaondoka. Benchi lilibaki safi pale alipokalia, na chafu kwingine kote.

*

"Saini," Mkeka alisema jioni ile, akila amesimama. "Shemeji, nakuomba. Saini, tulipe kodi, tupumue. Unangoja nini?"

"Nangoja kujua ninachokisaini. Bodi ni kitu gani?"

"Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Ndio wanaotoa leseni. Kila duka la kubeti lina cheti chao ukutani, juu ya dirisha la malipo." Akameza tonge, akatazama dari, na maneno yakamtoka kama mtoto anayesoma shairi mbele ya wageni: "Leseni hii hutolewa kwa mwaka mmoja. Daftari la wenye hisa wa kampuni hii liko wazi kwa umma katika ofisi za Bodi, siku za kazi, bila mwombaji kutakiwa kutoa sababu, kwa mujibu wa kanuni ya kumi na nne."

Fundi na mama mkwe wakageuka kumtazama kwa pamoja, hata yule asiyeona.

"Umeyajulia wapi hayo?" mama yake akauliza.

"Mama, ukisubiri goli dakika za nyongeza, unasoma chochote kilichobandikwa mbele yako. Mimi najua mpaka namna ya kutumia kizima moto."

"Wazi kwa umma," fundi akarudia taratibu. "Maana yake hata mimi."

"Hata wewe. Lakini hakuna anayekwenda, shemeji. Nani ana shida ya kujua?"

Fundi alikuwa ameshaanza kukunja kitambaa. Kwa mara ya kwanza tangu maziko alikuwa anakunja haraka, kona kwa kona, kama mtu anayewahi gari. "Alhamisi hatupimi watoto," akasema. "Mama, utavaa lile gauni lako la bluu."

*

Ofisi ya Bodi ilikuwa ghorofa ya tano na lifti ilikuwa imelala. Mkeka alimshika mama yake mkono ngazi hadi ngazi, na bibi huyo akapanda akilalamika kwamba waliojenga ngazi zile hawakuwa na wazazi. Mapokezi palikuwa na kaunta ya kioo na karani kijana wa kike aliyekuwa anapaka mafuta mikononi.

"Tumekuja kusoma daftari la wenye hisa," fundi akasema.

"Mna barua?"

"Barua ya nini, mwanangu? Cheti kinasema liko wazi kwa umma."

"Umma upi?"

Fundi akatazama kulia, akatazama kushoto. "Sisi hapa."

"Umma huwa unakuja na barua, mama. Ya mwanasheria, au ya gazeti."

Hapo Mkeka akasogea kaunta, akaweka viganja viwili juu ya kioo, akaitoa kanuni ya kumi na nne kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupumua. Karani akaacha kupaka mafuta. Akaingia ndani. Sauti mbili zikasikika zikibishana, kabati likafunguliwa, na karani akatoka na jalada nene la kijivu amelikumbatia kifuani.

"Kusoma ruhusa," akasema, akionekana kushangazwa na maneno yake mwenyewe. "Kunakili hapana. Simu, kalamu, karatasi, mikoba, vyote vinabaki kaunta. Mna nusu saa. Halafu, samahani, huyu bibi anaona?"

"Sioni," mama mkwe akajibu mwenyewe.

"Sasa bibi umekuja kusoma nini?"

"Nimekuja kusomewa."

Karani akajizuia kucheka, akashindwa, akawafungulia mlango mdogo wa pembeni.

Chumba cha kusomea kilikuwa na meza moja, viti viwili na dirisha lililofunguka kwenye ukuta wa jengo la pili. Karani akakaa kwenye kona kuwalinda. Mkeka akabaki amesimama mlangoni. Fundi akafungua jalada. Alipita kampuni moja baada ya nyingine mpaka akakutana na jina aliloliona maishani mwake mote kwenye vioo vya kijani. Akamwinamia mama mkwe, na sauti yake ikawa ile ile ya uani.

"Wa kwanza. Kampuni ya ng'ambo." Akalitamka lile jina la kigeni silabi kwa silabi. "Ishirini na tano kwa mia."

Mama mkwe akalirudia, jina kwanza, kipimo kikafuata.

"Wa pili, wa ng'ambo pia. Kumi na tano."

Akarudia.

"Wa tatu ni mwanamke." Akalitaja jina. Mkeka akanong'ona kutoka mlangoni kwamba huyo ni dada wa bosi, picha yake ilitoka kwenye kalenda ya kampuni. "Ishirini."

Akarudia.

Fundi akashusha kidole mstari wa nne, na kidole kikagoma. Alisoma kimoyomoyo, akasoma tena. Majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Anwani, mtaa wao na nyumba yao. Kazi, mfanyabiashara. Jina la bosi halikuwepo popote kwenye ukurasa.

"Mbona umekwama?" mama mkwe akauliza. "Wa nne nani?"

Angeweza kusema hakuna wa nne. Baadaye alikiri kwamba wazo lilimpitia. Lakini hakuwahi kumdanganya yule mama kipimo hata kimoja. Akayasoma majina yote matatu kwa sauti ile ile ya kazi. "Arobaini kwa mia," akamalizia.

Mama mkwe akafanya alivyozoea, jina kwanza, kipimo kikafuata, na kwa kuwa hakuna anayetaja jina la mtoto wake aliye kaburini akaliacha hivi hivi, mdomo wake ukajiongezea wenyewe: "Mungu amrehemu. Arobaini kwa mia."

Karani akainua kichwa.

"Nani arehemiwe?"

Mkeka alikohoa kikohozi cha uongo kabisa. Walikuja kusoma kimyakimya na kuondoka, huo ndio ulikuwa mpango, na sasa kijana wa watu amesimama, macho kwenye jalada.

"Bibi, hawa ni wenye hisa hai. Nani amekufa?"

Fundi akaweka kidole kwenye mstari wa nne. "Huyu. Mume wangu. Tulimzika mwezi juzi. Alikuwa dereva wa bosi wa kampuni hii."

Karani akasoma, akasogeza jalada karibu na uso wake, akasoma tena. Halafu akatoka mbio na viatu vyake vya kisigino, na kila mtu aliyekuwa korido ile siku ile atakwambia hajawahi kuona mtumishi wa Bodi akikimbia.

*

Aliyekuja ni Msajili mwenyewe, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mkufu. Alivuta kiti kutoka chumba kingine, akakaa nao meza moja. Aliomba cheti cha kifo, na fundi alikuwa nacho kaunta ndani ya mkoba, kama wajane wote wanavyotembea nacho. Alikisoma kwa utulivu. Lakini mguu wake mmoja chini ya meza ulikuwa unachezacheza.

"Kampuni ina mwezi mmoja kutoa taarifa mwenye hisa akifariki," akasema. "Hawakutoa. Leseni yao inakwisha wiki ijayo, na wameomba ihuishwe wakisema wenye hisa ni wale wale. Sasa naelewa kwa nini ombi lilikuwa na haraka."

"Wametuletea karatasi nisaini," fundi akasema. "Haina tarehe."

"Usisaini." Msajili akavua miwani. "Sikiliza, mdogo wangu. Jumatatu utakuja kutoa maelezo, na nitakuuliza jambo moja tu. Marehemu alikuwa mwenye hisa kweli, au waliazima jina lake? Ukisema mwenye hisa, basi arobaini kwa mia ni mirathi, wewe na mama, na watoto kama wapo, mtagawana kisheria. Ukisema waliazima jina, hisa hizo si zenu, na sisi tutamtafuta mwenyewe. Lile utakaloapa ndilo nitakaloandika."

"Na leseni?" Mkeka akauliza kutoka mlangoni.

"Leseni haiendi popote mpaka shemeji yako aseme."

*

Walishuka ngazi zile za ghorofa tano kama maji. Barabarani, mbele ya jengo, Mkeka alimwinua mama yake hewani na kumzungusha, na bibi akampiga kofi la bega kwa furaha.

"Nishushe, mwendawazimu wewe. Vipimo vitamwagika. Leteni karatasi."

Hawakuwa na karatasi. Mkeka akapekua mfukoni, akatoa mkeka wa wiki ile, mechi zote zimepigwa alama, akaugeuza upande mweupe. Fundi akaandika amepiga magoti juu ya ngazi ya mwisho.

"Wa kwanza wa ng'ambo," mama mkwe akaanza, uso ameuelekeza juani, "kifua ishirini na tano. Wa pili wa ng'ambo, kifua kumi na tano, huyo mwembamba. Dada wa bosi, kiuno ishirini."

"Mama, hisa hazina kiuno."

"Kwangu zina kiuno. Andika. Wa nne." Akalitaja jina la mwanawe, lote. "Mabega arobaini."

Mkeka akakaa chini kabisa kwenye njia ya watembea kwa miguu, watu wanamruka. "Miaka yote," akasema, "kila mkeka nilioliwa, nilikuwa nampelekea kaka pesa. Arobaini kwa kila mia. Na yeye ananikopesha nauli."

Mama mkwe ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani, kikamfikia fundi, na wote watatu wakacheka pale chini ya jengo la Bodi mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna tatizo. Hapakuwa na tatizo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na njia nzima ya kurudi nyumbani Mkeka alipanga mambo kwa sauti: nyumba, daktari wa macho kwa mama, cherehani mpya ya umeme, na chumba cha nje kikarabatiwe kwa ajili ya mtu wa maana.

Fundi alitembea nyuma yao akiwa bado na tabasamu, lakini neno moja lilikuwa limemganda. Mfanyabiashara. Alikumbuka jioni moja mumewe aliporudi na fomu amefurahi, akasema bosi amemkatia bima, akaomba kitambulisho chake kabatini. Alisaini juu ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya kitambaa, akawa anapuliza wino ukauke. Alilala siku ile akiamini kuna mtu mkubwa amemjali.

*

Ijumaa bosi alikuja mwenyewe, maana habari za Bodi zilikuwa zimeshamfikia. Aliinama kuupita mlango, meneja nyuma yake, na safari hii hakuna aliyepangusa benchi. Alikaa katikati ya marundo ya kaptura kama mteja anayengoja zamu.

"Shikamoo, mama," alimwambia mama mkwe.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Ni mimi. Nilifanya kazi na mwanao."

"Mwanangu ndiye alifanya kazi na wewe."

Bosi akakohoa. Alikuwa mtu wa sauti nzuri, na aliitumia yote. Alisema alimpenda marehemu kama ndugu. Alisema walianza pamoja, ndiyo maana alimwingiza kwenye kampuni, alikuwa mwenzake, mshirika wake wa kimya. Sasa anataka kuinunua sehemu ya mwenzake kwa heshima. Akataja kiasi. Mkeka, aliyeegemea mlango, aliteleza kidogo akashika kizingiti. Kile cha meneja kilikuwa nauli ya mtoto ukikilinganisha.

"Na mdogo wake nitampa duka moja aliendeshe," bosi akaongeza. "Nasikia anaijua biashara yetu vizuri."

"Ulimlipa gawio lake lini?" fundi akauliza.

"Nani?"

"Mwenzako. Mwenye arobaini kwa mia. Mbona tulikuwa tunakopa dukani?"

Meneja akatazama viatu vyake. Bosi akaachana na sauti nzuri. "Mama, tuongee kama watu wazima. Alisaini mwenyewe, kwa hiari yake. Ukienda kule ukasema ni jina tu, unamwita mumeo mwongo mbele ya serikali, na hupati hata shilingi. Chukua hii. Kila mtu alale salama."

Fundi alikuwa ameshika mkasi tangu waingie. Aliuweka mezani.

"Siku ya maziko uliandika dereva," akasema. "Leo inatakiwa saini, amekuwa mwenzako. Huwezi kumzika huku na kumfufua kule. Aliambiwa ni bima. Jumatatu nitaapa hivyo."

"Unatupa utajiri."

"Sio wangu kuutupa. Ni wako. Nenda ukaseme ni wako."

Hilo tu ndilo jambo bosi alilokuwa amelikimbia miaka yote. Akamgeukia Mkeka. "Wewe ni mwanaume wa nyumba hii. Unasemaje?"

Mkeka alitazama kaptura, akamtazama mama yake, akajikuna shingo yenye madoa ya rangi.

"Mimi ningechukua," akasema. "Nakwambia kweli kabisa, ningechukua hata kile cha juzi. Lakini hukutumia jina langu. Ungetumia langu tungeelewana."

Mama mkwe akanyoosha mkono hewani mpaka akalipata bega la bosi. Akalipapasa kutoka shingo hadi mwanzo wa mkono, polepole, kama anavyompima mtoto mgeni.

"Uligonga kioo," akamwambia. "Hukufungua mlango. Ungefungua mlango ungejua mapema."

Bosi aliondoa lile bega. Walipotoka, meneja alirudi nyuma hatua moja, akaokota kalamu yake iliyokuwa imeanguka chini ya benchi, na bila kumtazama mtu akasema mafao halisi ya dereva hayamo kwenye jalada lile, hayakuwahi kuandaliwa, na kama wanayataka wayafuate mahakama ya kazi. Kisha akamkimbilia mwajiri wake.

*

Jumatatu fundi aliapa. Alieleza fomu ya bima, meza ya kukatia, kukopa dukani, deni la kodi, na Msajili aliandika kila neno bila kumkatiza. Mama mkwe aliapa pia, na alipoulizwa anajuaje orodha ya wenye hisa wakati hakuna nakala iliyotoka, aliitoa yote kutoka kichwani, pamoja na viuno. Karani alilazimika kutoka nje akacheke.

Leseni haikuhuishwa. Maduka yenye vioo vya kijani yamefungwa minyororo, na Mkeka, ambaye amepata kazi ya kupaka rangi shule mbili, hupita mbele yake akigeuza uso kama mtu aliyemwona mchumba wa zamani. Kodi bado wanadaiwa. Mwenye nyumba amekubali deni lipunguzwe kwa kushonewa sare za wanawe. Mwenyewe wa zile arobaini kwa mia anatafutwa, maana bosi hajajitokeza kuzidai, na siku za kazi foleni ya kusoma daftari imefika ngazini. Wengi hawana barua.

Jina la dereva sasa limebandikwa kwenye ubao wa mahakama ya kazi, katika orodha ya mashauri ya mwezi ujao. Wadai ni mke na mama. Kwenye safu ya kazi ya marehemu pameandikwa dereva.